Barua ya Fundi Hamadi

Kwa binamu yangu Kondo, uliye mbele ya haki.

Sikuulizi hali. Mtu aliyelazwa kwenye udongo wa watu, mbali na Zinga na mbali na mama yake, haulizwi hali. Wala sijui barua hii nitampa nani akufikishie. Lakini mkono wangu umezoea kuwaandikia watu wasiokuwepo, na wewe ndiye uliyeona matunda yake.

Leo ni Jumamosi. Mdogo wako Mwinjuma anaondoka Jumatatu kwenda Ngazija kulizuru kaburi lako. Jana alinijia hapa Bagamoyo, akanikuta barazani nashona kofia, akakaa pale pale ulipokuwa ukikaa wewe, akaniuliza yale yale uliyoniuliza. Avae nini siku ya kufika? Achukue chakula gani? Ataanzaje mazungumzo na watu asiowajua? Nikamjibu, Kondo. Baada ya yote yaliyotokea, mdomo wangu ulifunguka ukaanza kufundisha. Kanzu ya kufikia iweke juu kabisa ya mzigo, usishuke na ile ya safari inayonuka samaki. Salimu kwanza ndipo uulize bei. Jifunze kwa lugha yao salamu, maji na ahsante, mengine yatakuja yenyewe. Chukua makopa na tende, maana siku za mwanzo tumbo la mgeni huogopa vyakula vya watu. Zawadi iwe kitu cha kwenu, si kitu wanachokiuza wao.

Nilipofika kwenye lile kubwa nililiruka. Unalikumbuka, maana nilikukaririsha hata ukasema nimekufanya kasuku: ukiwa na mwenyeji, usilale kwa mtu mwingine hata siku moja, utakuwa umemvunjia heshima.

Mwinjuma hakuona kuwa nimeliruka. Akasema mama amempa ile barua niliyokuandikia wewe uende nayo, ampelekee Fundi Hamadi, kwa kuwa ni amana ya marehemu na haijafika. Sindano ikaniingia kidoleni mpaka kwenye mfupa.

Sasa nikwambie, maana wewe huwezi tena kunicheka. Sikufika Ngazija. Ule mwaka mlioniaga kwa ngoma, nilifika Unguja, nikaiona bahari iliyobaki mbele yangu, nikaogopa. Basi. Hapakuwa na ugonjwa, hapakuwa na mkasa. Nilikaa miezi yote ile katika nyumba ya Wangazija pale mjini, nakuna nazi jikoni, usiku na mchana nawasikiliza wakisimulia kwao. Nikajifunza kushona kofia zao, nikajifunza maneno yao mawili matatu, nikarudi na kofia ya Kingazija kichwani. Watu wa Zinga wakanipokea wakaniita Bwana Ngazija, na mimi nikaitika. Wakaja wa Miono, wakaja hata wa Ubena kuniuliza habari za safari, na nusu ya niliyowaambia ilikuwa kweli, kwa sababu niliyasikia kwa wenyewe. Nusu nyingine nilishona mwenyewe. Fundi Hamadi, mwashi wa Moroni, mwenye nyumba kubwa na roho kubwa zaidi, yule aliyenilaza miezi sita asichoke, nilimshona mwenyewe.

Ulipoanza kusema nawe unataka kwenda, si kwa biashara, si kwa deni, ila kutembea tu, ukaone nchi ya watu kabla miguu haijachoka, nilicheka. Nilidhani ni maneno ya kivuli cha mvinje na kahawa. Kumbe ulikuwa unavuna mpunga wako kwa hesabu ya nauli. Ukaniambia, "Binamu, niandikie barua kwa Hamadi wako." Ungenipiga kofi ningeshukuru.

Ningeweza kusema kweli siku ile. Ningekuwa kichekesho cha Zinga kwa msimu mmoja, wewe ukiwa wa kwanza kunisakama, kisha tungesahau. Sikuweza. Nikaona njia ya ujanja. Nikaandika barua, na haya ndiyo maneno yake, kwa kuwa hukuyasoma: "Ewe utakayeifungua, Fundi Hamadi hayupo, nimemzua mimi. Aliyeileta ni binamu yangu Kondo, hajui. Ni mtu mwema kuliko mimi. Mpe mahali pa kulala, na usimwambie." Nilidhani utafika, utauliza, watakwambia hawamjui, watasema tuone barua, wataisoma, watakukaribisha. Aibu yangu ingebaki huko huko kwao. Nikaikunja, nikaishonea ndani ya kitambaa cha bafta kwa uzi mweusi, mshono wa ukingo wa kofia, ule usiofumuka.

Siku ya kuondoka mama yako alikupitisha chini ya msahafu. Upande mmoja ameushika yeye, upande wa pili nimeushika mimi. Ulipita mara tatu umeinamisha kichwa, na mimi mkono haukutetemeka hata kidogo. Huwa naukumbuka mkono ule kuliko uso wako.

Yaliyobaki tuliyasikia kwa Mngazija muuza mikeka aliyeleta mzigo wako mpaka mlangoni Zinga. Alisema akina Hamadi pale Moroni ni wengi, na watatu walikuita ndani. Ukawauliza kila mmoja kama anamjua Bwana Ngazija wa Zinga. Waliposema hapana, uliwashukuru ukatoka. Wakakuambia uwape barua waisome, labda wataelewa. Ukasema, "Barua si yangu, ni ya mwenyewe." Ukalala baraza ya msikiti, ukatoka asubuhi kumtafuta, ukarudi baraza ya msikiti. Mvua zikaanza. Imamu alikusihi uingie kwake, ukamjibu kwamba mwenyeji wako akija kusikia umelala kwa mtu, atajisikiaje. Kifua kikakubana, na siku walipokubeba kwa nguvu kukuingiza ndani hukuwa mtu wa kupona tena.

Kichwa cha nazi wewe! Mjinga wa Zinga! Ungefumua uzi mmoja tu. Ungempa imamu makasi. Nani alikuomba uwe mwaminifu kiasi hicho kwa mtu kama mimi? Nimekukasirikia, Kondo, nimekukasirikia mpaka nimekonda, halafu nakumbuka ni nani aliyekukaririsha.

Na unajua uongo wangu ulivyo na bahati? Muuza mikeka alipomaliza, mama yako alisema, "Maskini Hamadi, bila shaka alikuwa safarini. Akirudi akasikia, ataumia." Watu wote wakaitikia. Nikaitikia na mimi.

Kisha ikaja siku ya matanga. Mimi ni mtoto wa mjomba wako, mtani wako kuanzia tumboni, na kazi ya mtani unaijua. Wakanivika kanzu yako iliyorudi na mzigo, wakasema, mwige. Nikakuiga. Nikatembea kwa ule mwendo wako wa kuburuta kisigino cha kushoto, nikaenda mlango hadi mlango pale uani, nikisema kwa sauti yako, "Hodi, wenyewe! Nyumba ya Fundi Hamadi ni hii?" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Mama yako, ambaye hakuwa ametia kitu kinywani, alicheka akafuta machozi, akaomba uji. Wakaniambia nirudie. Nikarudia, Kondo. Nilibisha mlango wa nyumba yenu wenyewe nikiuliza nyumba ya mtu niliyemzua, nimevaa nguo uliyofia.

Tangu siku hiyo shangazi, mama yako, ananiita mwanawe. Kila Ijumaa ananiwekea wali kwenye sahani yako. Barua ilirudi na mzigo, akaiweka kwenye kasha lake la nguo, kwenye asumini na udi, uzi wangu mweusi mzima kama siku niliyoushona. Nilimwambia siku moja tuifungue tujue nilimwandikia nini Hamadi, nikijitia nimesahau. Alinikemea. "Mwanangu alikufa asiifungue, mimi nitaifungua?" Sasa ameitoa kashani kwa moyo wake wote, amempa Mwinjuma. Mwinjuma ni ndugu yako kabisa, kichwa ni kile kile. Atakwenda baraza ile ile, na akiambiwa ingia, atasema anaye mwenyeji.

Kwa hiyo hili ndilo ninalokuahidi, na sisemi kwa utani. Kesho Jumapili asubuhi nakwenda Zinga kwa miguu. Kofia ya Kingazija naiacha hapa. Nachukua makasi. Nitakaa mkekani mbele ya shangazi na mdogo wako, nitaiomba barua, na wakikataa nisiikate nitawasomea bila kuikata, maana kila neno lake nalijua. Sitaiga sauti ya mtu. Shangazi akinifukuza, nitafukuzika. Mwinjuma akinipiga, sitainua mkono. Lakini Jumatatu atasafiri akijua kwamba Ngazija hana mwenyeji, na mtu wa kwanza atakayemwambia karibu, aingie.

Sikuombi msamaha, sina uso wa kuomba. Nakuaga tu, binamu, kwani kesho sijui kama nitakuwa na jamaa wa kuwaita wangu. Mola akulaze pema, na imamu yule aliyekusitiri amlipe.

Ni mimi binamu yako Shomari, ambaye sikufika Ngazija.