Waje Wawili

Jumatatu, tarehe 10 Februari

Kondomu zimekwisha tena kwenye boksi la nyuma ya mlango. Nimejaza. Ni boksi la sabuni tu. Mlango ukifunguliwa linajificha, mtu anachukua na kwenda zake. Mimi nageuka kupanga sindano. Tumefanya hivyo siku zote hapa kituo cha afya cha Ngezi na hakuna aliyeaibika.

Wajawazito wengi leo. Mmoja amekutwa na virusi. Bado mdogo kabisa. Hakulia. Aliuliza tu kama mtoto atazaliwa mzima. Nikamweleza dawa, mara mbili, taratibu. Wakati wa kuondoka akasema mume wake anachimba dhahabu, akataja shimo.

Ndilo shimo la Baba Neema. Mume wangu. Wanalala kambi moja, wanakunywa mahali pamoja.

Siwezi kumwambia mtu. Naogopa.

Jumatano, tarehe 12 Februari

Mchungaji kaona boksi. Kituo ni cha kanisa, kwa hiyo hapigi hodi. Leo alifunga mlango nyuma yake kwa sababu ya upepo, na boksi likabaki wazi mbele yake. Nilitamani kucheka. Sikucheka.

Hakugomba. Ingekuwa rahisi zaidi kama angegomba. Aliketi kwenye kiti cha wagonjwa akasema, "Mama Neema, siye tunafundisha vijana kungojea, halafu nyuma ya mulango tunaweka kapoti. Watatuamini namna gani?"

Mimi mwenyewe ndiye ninayefundisha wasichana kungojea, kila Jumamosi, na ninaamini ninachofundisha.

Mji mzima unabishana juu ya hilo. Wabunge wa jimbo wanataka somo la kujikinga liingie shuleni, makanisa yanakataa. Mchungaji amealikwa redioni. Anataka niende naye. Boksi linangoja hadi hapo.

Jumamosi, tarehe 15 Februari

Redioni. Chumba kidogo, joto, watu watatu na feni mbovu. Mheshimiwa mbunge, mama mmoja mwenye sauti ya kuamuru, alisema tunawazika watoto kwa haya zetu. Mchungaji akajibu kwamba kutoa kondomu ni kuruhusu. Walipandishiana sauti. Mtangazaji alifurahi sana.

Halafu Mchungaji akasema kitu ambacho sikukijua. Dada yake alikufa kwa ugonjwa huo. Watu waliogopa kumgusa, akamwosha yeye mwenyewe. Alisema, "Ningependa angengojea. Ni hiyo tu." Sauti ilikatika. Mheshimiwa akamsogezea maji.

Mama mmoja wa mtaa wa Shari alipiga simu. Binti yake aliapa kanisani kungojea, sasa ana mimba. Hakuwa na hasira na yeyote. Aliuliza tu nani angemwambia binti yake nini.

Zamu yangu ikafika. Nilitaka kuokoa boksi bila kumwaibisha Mchungaji. Nikasema wanaochukua si vijana pekee, wengi ni watu wa ndoa, bwana na bibi wanaopanga pamoja.

Si kweli. Wanakuja wanawake, peke yao. Lakini lilisikika vizuri.

Jumapili, tarehe 16 Februari

Nimejikaanga kwa mafuta yangu.

Baada ya mahubiri Mchungaji akatangaza. Boksi litafungiwa kabatini, ufunguo kwa Mama Neema. Watapewa wenye ndoa, na waje wawili, bwana na bibi, kama Mama Neema alivyoeleza redioni. Aliniangalia kwa upole. Anaona tumepatana. Watu wakapiga makofi.

Jumatano, tarehe 19 Februari

Hakuna aliyekuja. Hata mmoja. Jana mwanamke aliketi kwenye benchi, akaangalia kabati, akaniangalia mimi, akaondoka. Nani anamleta mume hapa? Kwetu, mke akitaja kondomu amesema mojawapo ya mawili: wewe ni mzinzi, au mimi ni malaya.

Mateso wa maabara anacheka. "Sheria hii iko ya wale wenye bwana yao analala nyumba. Weye utamuleta nani?"

Alitania. Lilinichoma.

Baba Neema amepiga simu. Anafika Ijumaa.

Ijumaa, tarehe 21 Februari

Amefika kwa pikipiki, vumbi hadi kwenye kope. Kamletea Neema viatu. Vinambana, lakini mtoto amekataa kuvivua. Nimepika sombe ya majani ya muhogo na samaki. Amekula, amecheka, amenisifu.

Nampenda mtu huyu. Niliandaa maneno tangu asubuhi. Wanawake wa mitaa yote hii nawafundisha jinsi ya kuanza mazungumzo haya. Usiku ulipofika nimesema tu tumbo linaniuma.

Jumamosi, tarehe 22 Februari

Nimesema. Alikuwa anajinyoa uani, kioo kikining'inia kwenye kamba ya nguo. Nikasema tupime damu, sisi wawili, na kabla ya majibu tutumie kinga. Nilisema haraka, vibaya kabisa.

Aliweka wembe chini. Nusu ya uso bado povu.

"Kavira, unaniona nani?"

Jina langu. Tangu Neema azaliwe hajaniita hivyo. Alijifuta, akatoka. Amerudi jioni, amekula, amelala upande wa ukuta.

Sijutii. Nimelia, lakini sijutii.

Jumapili, tarehe 23 Februari

Kanisani. Bega kwa bega. Kila mmoja macho mbele.

Jumatatu, tarehe 24 Februari

Sijui niandikeje.

Nilifungua mlango kuita mgonjwa na Baba Neema alikuwa kwenye benchi. Koti la Jumapili. Katikati ya wajawazito, magoti yamebana, kofia mkononi. Wanawake walikuwa wamejisogeza mbali naye kidogo, kama mgeni wa heshima au mwizi.

Akasimama. "Jambo, mama muganga. Munasema watu waje wawili. Mimi nimefika. Wa pili anatumika kazi humu ndani."

Benchi zima likacheka. Mimi pia, machozi yakitoka. Mateso akatuchukua damu, wote wawili, bila utani hata mmoja. Tukangoja tukiangalia sakafu. Nilikuwa naomba kwa maneno ya utotoni.

Hatuna. Wote wawili hatuna.

Njiani akaniambia kwamba hata Jumamosi alifika hadi geti la kituo akarudi. Zaidi ya hapo hakusema. Sikuuliza.

Alhamisi, tarehe 27 Februari

Amerudi machimboni alfajiri. Wabunge wameahirisha lile somo lao. Boksi bado liko kabatini. Kesho nitamwambia Mchungaji kwamba nilidanganya redioni, na kwa nini. Nadhani atanisikiliza.

Jana nilipanga begi lake. Sabuni, samaki wa chumvi, sweta. Alikuwa anafunga kamba za viatu. Bila kuinua kichwa akasema, "Weka na zile."

Nilielewa: zile za kabatini. Iliniuma pale pale, mahali pa kumwamini. Na palepale nikashusha pumzi. Yote mawili yalikuja pamoja, sikuweza kuchagua.

Kutoa ni kuruhusu, anasema Mchungaji. Mimi sikuruhusu kitu. Nilizifunga ndani ya soksi zisilowe, nikaweka sweta juu, nikavuta zipu.