Kadi ya Njano Katika Chumba cha Plasta

Nyamirambo, Kigali
Jumapili mchana

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta barazani na miwani yako ile ya kamba, na goti limetulia. Mama ameniambia kwenye simu kwamba mvua zikianza linakusumbua, na wewe unasema anakusingizia. Tafadhali lipake dawa, usibishane nalo. Mimi sijambo. Nakula vizuri na chumba changu hapa Nyamirambo hakivuji. Majirani wanaongea Kiswahili, ingawa kila mtu anakikata anavyopenda. Mwenye nyumba wangu huniuliza kila asubuhi, "Usingizi iko muzuri?" nami siku hizi najibu bila hata kucheka, "Iko."

Najua unajiuliza kwa nini nimeandika kwenye karatasi wakati simu ipo. Ni kwa sababu simu huwezi kuitoboa matundu mawili na kuifunga kwenye jalada. Na hii nataka uipe folio, namba yake ndani ya jalada, na uitunze, maana inakuhusu wewe kuliko inavyonihusu mimi.

Unakumbuka nilikuambia nimepata kazi ya majaribio kule Masoro, kwenye eneo la viwanda. Ni karakana inayotengeneza miguu ya bandia, na mimi ndiye fundi wa kompyuta zao. Meneja wetu ni Bwana Kenneth, Mnyarwanda aliyekulia Kampala, mtu mwema ila ana haraka utadhani kuna ndege inamsubiri. Wiki iliyopita alinikabidhi kazi moja. Ijumaa kompyuta zote zingeondolewa programu za ofisi za zamani na kuwekwa mpya. Tatizo ni kwamba programu mpya haiwezi kufungua hifadhidata za zamani sana, yaani yale majalada ya ndani ya kompyuta ambayo watu walijitengenezea wenyewe miaka hiyo. Kwa hiyo ilinipasa kwanza kupitisha programu ya ukaguzi, itafute kila hifadhidata na kuniambia ipi itafunguka na ipi inahitaji kubadilishwa. Itakayorukwa ndiyo basi tena.

Mara ya kwanza ukaguzi ulimalizika kwa dakika mbili na kusema hakuna kitu. Nusura nishangilie! Halafu nikakumbuka ulivyokuwa ukiwaambia makarani wapya, kwamba kabla ya kusema kabati ni tupu, hakikisha umelifungua. Kweli, nilikuwa nakagua kwa jina langu, na jina langu halikuwa na ruhusa ya kuingia kwenye mafaili ya wenzangu. Nikaomba ruhusa, nikarudia, zikatokea chungu nzima. Nyingine zilikataa kwa kuwa zimefungwa kwa nywila, nikazunguka meza kwa meza kuwabembeleza wenyewe. Mmoja alikuwa ameibandika nywila yake chini ya kikombe cha chai. Mpaka Jumatano asubuhi lilikuwa limebaki kosa moja tu.

Lilikuwa kwenye hifadhidata ya vipimo vya miguu ya wateja. Kila nikiikagua naambiwa inatumiwa na mtu mwingine. Nikajaribu asubuhi, inatumiwa. Nikajaribu saa ya chakula, ofisi nzima iko nje inakula, inatumiwa. Nikamwendea Bwana Kenneth.

"Sista, hiyo iko ya zamani," akasema. "Nilituma imeli kwa wote, hakuna mutu alisema ni yake. Tuiache tu, Ijumaa iko hapa." Kisha akanikumbusha, kwa upole lakini akanikumbusha, kwamba kazi hii ikichelewa hatakuwa na la kumwambia mkurugenzi kuhusu mkataba wangu.

Ningeweza kuiacha, Baba, na hakuna ambaye angenilaumu. Lakini wewe umeniharibu. Baada ya shule nilikuwa nakusubiri pale masjala ya hospitali, na nilikuwa namwona daktari akija mbio, anafoka kwamba jalada la mgonjwa wake limepotea. Hukuwahi kumfokea. Ulikwenda kwenye rafu, ukachomoa ile kadi ya njano iliyosimama mahali pa jalada, ukamsomea nani kalichukua na yuko chumba gani. "Halijapotea, Daktari," ulikuwa ukisema. "Limetoka."

Basi nikaangalia kando ya ile hifadhidata. Huwa pana kifaili kidogo ambacho kompyuta hukiweka yenyewe mtu anapofungua hifadhidata, na akiifunga kinaondoka. Watu wengi hawakijali. Nikakifungua, nikasoma. Ndani mlikuwa na jina la kompyuta iliyoichukua, Atelier 2, yaani karakana ya pili kwa Kifaransa. Nilicheka peke yangu. Ilikuwa ni kadi yako, Baba, ile ile, ila haina rangi ya njano.

Nikamwonyesha Bwana Kenneth, akatikisa kichwa. "Atelier 2? Hiyo mashini tuliuza zamani, kabla ya kuhamia huku." Lakini mashine iliyouzwa haiwezi kushika jalada. Nikaanza kufuata nyaya ukutani, na waya mmoja ukanipitisha ghala ya mbao, ukanipeleka hadi chumba cha plasta, wanamotolea kalibu za miguu, mahali ambapo mafundi wa kompyuta hawaendi kwa sababu ya vumbi.

Humo anafanya kazi Mama Spesiyoza, fundi mkongwe kuliko wote, Mnyarwanda aliyelelewa Bujumbura. Alikuwa anampima msichana wa shule anayeitwa Divine, ambaye mguu wake wa kulia unaishia chini ya goti. Huyo huja kila likizo kupata mguu mpya, maana mtoto anakua na mguu wa bandia haukui. Nyuma ya mifuko ya plasta, juu ya meza ndogo, palikuwa na kitu kimefunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, cha kochi la sebuleni kabisa. Mama Spesiyoza akakiinua kidogo kama anayechungulia chungu, akasoma vipimo vya Divine vya likizo iliyopita, akakishusha. Chini ya kitambaa ilikuwa Atelier 2, hai, inanguruma.

Nikamsalimia, nikamweleza shida yangu, nikamwomba tuifunge kwa muda mfupi tu.

"Oya, hapana, mwanangu," akasema, akasimama mbele ya ile meza. "Iyi haifungwe. Siku moja umeme iliondoka, ikarudi, ikakataa kufunguka. Vipimo ya watu ikapotea. Nilipigia mumoja mumoja simu, warudi, nipime upya. Kuna wengine walitoka mbali na magongo. Haki, sitarudia."

"Na imeli ya meneja hukuiona?"

"Imeli? Miye niko na plasta kwa mikono."

Kumbe tangu siku hiyo hakuwahi kuifunga, isipokuwa siku moja tu ya kuhama. Walipohama, mashine ilikuwa iuzwe, yeye akaipakia kwenye lori pamoja na plasta. Aliyekuwa fundi kabla yangu alimcheka na kuiita takataka, ndipo akaanza kuifunika. Baba, hapo niliona aibu kwa niaba ya mafundi wote. Nikamweleza ukweli: Ijumaa programu ya zamani itaondolewa hata akisimama mlangoni, na vipimo hivi havitafunguka tena kokote. Divine akamtazama Mama Spesiyoza.

Basi nikafanya ulichokuwa ukifanya kwa madaktari wasioamini. Nikachukua kipande cha karatasi ya njano kwenye ukingo wa meza, nikaandika: Jalada, vipimo vya miguu. Mwenyewe, Spesiyoza. Amechukua, Zuhura. Mahali, meza ya kompyuta karibu na dirisha. Saa tisa na robo. Nikatia sahihi, nikakiweka juu ya kile kitambaa. "Nisiporudisha, una sahihi yangu," nikamwambia.

Akakisoma mara mbili. Kisha akanawa mikono, polepole, akafunga hifadhidata yeye mwenyewe. Akanifuata mpaka mezani kwangu, na Divine na magongo yake nyuma yetu.

Kile kifaili kidogo kilikuwa kimeondoka. Nikatoa nakala kwanza, kisha nikakagua, na safari hii ikakubali. Lakini ilikuwa ya zamani mno hata kuruka moja kwa moja ilishindwa, ikanibidi niipitishe kwanza kwenye kompyuta yenye programu ya miaka ya katikati, ndipo niilete kwenye mpya. Ilipofunguka, Mama Spesiyoza akasogeza uso kwenye kioo na kuanza kusoma majina kwa sauti, mmoja baada ya mwingine, mpaka akafika kwa Divine na vipimo vyake vyote tangu alipokuwa mdogo.

"Yooo! Bose barahari," akasema. Yaani wote wapo. Akanikumbatia na vumbi lake lote, na mpaka sasa lile gauni la bluu halijatakata.

Bwana Kenneth alikuja kuuliza kelele ni za nini. Nilipomweleza, akataka kujua njia ile nilifundishwa chuo gani. Nikamjibu kwamba sikufundishwa chuoni. Nilifundishwa masjala, na karani Juma Ramadhani, baba yangu mzazi. Ijumaa alinipa mkataba. Na amesema kila hifadhidata ya karakana iwe na kadi ukutani yenye jina la mwenyewe. Mama Spesiyoza anaziita "kadi za baba wa Zuhura."

Siku walipoleta kompyuta pale hospitalini ulirudi nyumbani na boksi la zile kadi, ukamwambia Mama miaka yako yote imekuwa karatasi za kuwashia jiko. Na mimi nilipochagua kusomea hizo hizo kompyuta hukunikataza, ila hukuongea siku mbili. Niliona, Baba. Nimekaa na jambo hilo muda mrefu. Sasa nakuambia wazi: kazi yako haikutupwa. Naifanya mimi, na najivunia kuitwa mwanao kuliko ninavyojivunia mkataba.

Nisalimie Mama, nisalimie bibi na umwambie kitenge chake nimekipata. Msalimie dada na shemeji yangu, fundi cherehani, na shangazi ambaye lazima amekuja kusikiliza ukisoma.

Ina ombi moja barua hii. Kama Mama hajazimaliza zile kadi kwa kuandikia orodha za sokoni, nitumie moja yenye mwandiko wako niibandike chumba cha plasta. Nyingine chukua, andika jina langu, na penye mahali andika Kigali. Isimamishe kwenye kiti changu hapo barazani. Mama akianza tena kulia kwamba ugenini kumemmeza mtoto wake, ichomoe umsomee, kama ulivyokuwa ukimsomea daktari. Hajapotea. Ametoka.

Binti yako,
Zuhura