Gololi ya Chuma

Memoria, Moshi
Jumatano

Kwa kaka yangu mpendwa Melkior,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na mwanao Goodness, ambaye najua ndiye anayekusomea. Goodness, usiruke mstari hata mmoja. Mvua za huko Kirua zimepungua? Migomba imesimama, au upepo umeilaza tena? Na kile kikohozi chako? Mimi kwa mwili ni mzima.

Kaka, ulipomuuza mtamba wako ili niagize miwani ya jua, hukuniuliza maswali mengi. Ulisema tu kwamba macho yako yaliungulia kwenye theluji ukiwabebea wageni mizigo, na hutaki wapagazi wengine wapande mlima kama wewe, uso umefungwa kitambaa. Nilikusikia. Shida ni kwamba niliagiza kwa akili ya mitumba. Unanijua, miaka yote nauza nguo hapa sokoni Memoria, na mteja wa Memoria hataki kukutana na blauzi yake barabarani imevaliwa na mwingine. Basi nikaagiza boksi zima, kila miwani na sura yake: ya mviringo, ya pembe, ya kuziba mpaka kwenye masikio. Nilijiona mjanja kweli.

Boksi lilipofika Dar likazuiwa, nikafunga safari. Mama mmoja wa ofisi ya viwango, mpole, alinieleza kwamba miwani haitoki mpaka ipimwe kama inahimili kugongwa. Wanalaza kioo chake, wanaangusha juu yake gololi ya chuma. Kila aina hupimwa peke yake na kulipiwa peke yake, na iliyopimwa haiuziki tena. Mwenye kontena la aina moja anavunja chache, anauza zilizobaki. Mimi kila aina nilikuwa na moja. Nikamuuliza, nikishapima zote nitauza nini? Akaniangalia kwa huruma, akasema swali hilo hajawahi kuulizwa.

Nilichukia, kaka. Nilimwambia wao wanakaa kwenye kiyoyozi, theluji wanaiona kwenye kalenda. Nikadai nionyeshwe hicho kipimo, nikalipia miwani moja. Gololi yenyewe ndogo, kama zile tulizokuwa tukichezea uani. Ilipodondoka, kioo kilipasuka vipande vyembamba, na vipande vile vilitokea upande wa ndani, pale jicho linapokaa. Na mimi niliyekwenda kugomba nikaaga, nikaondoka. Boksi nimeliacha hukohuko.

Sasa Goodness, hapa soma taratibu, na kama baba yako amesimama, mwambie akae.

Kaka, kabla ya boksi, muuzaji alinitumia miwani moja ya kuonyesha, nikampa mwanao Isack. Aliipenda mno. Hakupanda mlima tena bila hiyo, na wapagazi wenzake wakawa wanamuuliza imetoka wapi. Niliporudi kutoka Dar alikuja kuniaga, kesho yake anapanda, miwani iko kichwani. Nilikuwa nimeshaiona ile gololi. Nilitaka kumwambia aivue, nikashindwa, kwa sababu nikieleza habari ya miwani ni lazima nieleze na habari ya mtamba wako, kwamba ameenda bure. Niliona aibu. Nikampakulia mtori, nikamwambia amependeza, nikajiahidi kwamba nitasema akishuka.

Wakati wanashuka, mti wa hema ulichomoka kwenye mzigo wa mwenzake aliyetangulia, ukampiga usoni. Wenzake wanasema halikuwa pigo kubwa, na kwamba bila miwani angevimba tu. Jicho la kulia limetolewa. Jumapili ulipopiga simu ukamuulizia, nikakujibu bado yuko mlimani. Nilikuwa nimesimama nje ya wodi yake. Ndiyo maana naandika, kwa sababu nikiisikia sauti yako nadanganya. Isack amenikataza nisikwambie, anasema baba atajilaumu kwa kumuuza yule mtamba. Mimi ndiye wa kulaumiwa, kaka, na hilo nimeshindwa kumwambia hata yeye. Daktari anasema hakuna nafuu ya kusubiri. Nimetafuta neno la kukufariji na sijalipata.

Ndani ya bahasha nimeweka jani la isale, nimelikata kwenye mpaka wa shamba, kile kihamba cha marehemu baba. Nilifika mpaka pale, kaka, moshi wa jikoni kwako nauona, nikageuka nikarudi mjini. Najua isale haliletwi kwa bahasha, huletwa kwa mkono, na mzee wa kumsemea anayeomba radhi. Najua pia kwamba likishaingia mkononi mwa mtu, hawezi tena kukataa kusamehe. Kwa hiyo Goodness, nakuomba jambo moja. Baba yako haoni, usije ukamwekea mkononi kwa kunihurumia mimi. Lisimguse mpaka aliombe mwenyewe. Akinyamaza, liache humohumo likauke.

Kaka, usiache dawa ya kifua. Nisalimie majirani na wote wa usharika. Isack anakusalimu sana, ingawa hajui kama nimeandika. Ukinihitaji, niko wodini kwake kutwa nzima.

Ni mimi mdogo wako,
Elisaria