Mdomo wa Nyamisi

Jumatatu, 3 Juni

Wamekuja tena wote wawili, Veronika na Nyamisi. Nimewasimamisha uani, migongo ukutani, kuku mbele yao. Wageni wa kazi hii ya kuuza sabuni huwa nawaambiaga waanze na kuku. Kuku hachekagi mtu.

Veronika ameshika chupa ya sabuni, ametaja jina lake, ameangua kicheko, amekimbilia jikoni. Afadhali. Nyamisi amesimama tu. Chupa kaikumbatia kama mtoto mwenye homa. Midomo inatembea, sauti hakuna. Kuku wamechoka wakaenda zao.

Nimeshindwa kula mchana. Binti yangu Nyangeta ananicheka. "Mama, anayeogopa ni wewe. Wenzio wakikuangalia ndo wanaanza kutetemeka."

Labda ni kweli.

Jumatano, 5 Juni

Madam wa kampuni amepiga simu kutoka Mwanza. Kila mgeni afanye demo moja mbele yake kabla mwezi haujaisha. Asimame peke yake, aeleze sabuni, ajibu maswali. Akishindwa, begi la bidhaa linarudi, anapewa mwingine.

Veronika simwogopei, ana mdomo ndani, umelala tu. Ni Nyamisi. Ameolewa Butiama, Mwitongo kule, huu mwaka wa pili. Mume yuko mgodini, anarudi mara mojamoja. Siku za mafunzo anakuja kulala kwa dada yake hapa Makoko. Siku ya kwanza nilimuuliza kwa nini anaitaka kazi hii. Akaninong'oneza, "Mama, nataka kitu kimoja nilichokifanya mimi."

Hilo neno halinitoki. Begi likirudi nitamtazamaje yule mtoto?

Alhamisi, 6 Juni

Nimeachana na habari ya hotuba. Darasa la nne nililosoma mimi halikufundisha hotuba. Nimemwambia Nyamisi aulize swali tu. "Nani ameshika dagaa leo?" Kinamama watanyoosha mikono. Wakishanyoosha, kazi yako ni kuwanawisha, wanuse vidole, harufu hakuna, basi. Kunawisha wageni nani asiyejua?

Amejaribu kwa kuku. Sauti imetoka! Ndogo, kama ya mtu anayeita paka wa jirani. Nimepiga vigelegele, amenikasirikia.

Jumamosi, 8 Juni. Bunda

Tumeenda kujaribu Nyasura, kwa shangazi yake Veronika. Madam hayupo, watu wetu tu.

Veronika alisahau jina la sabuni, akaiita "hii dawa". Wamecheka, na yeye kacheka, kaendelea. Halafu Nyamisi. Nilikunja pindo la kanga mpaka vidole vikafa ganzi.

Akauliza swali lake. Hakuna mkono ulionyooka. Nikasema Mungu wangu. Mama mmoja wa nyuma akadakia, "Huku kwetu dagaa tunashika waliokauka. Na hao wanahesabika?"

Nyamisi akamwangalia. "Wanahesabika, mama. Hao ndo wananuka zaidi."

Nyumba nzima kicheko. Akawanawisha mpaka wa mwisho. Mimi nimelia chooni, nimenawa uso, nimerudi kama sijalia.

Jumatatu, 10 Juni

Nimepata mahali pa demo ya madam. Mwitongo, kwa mzee Magesa. Uwanja mpana, mashine ya kusaga iko jirani, kinamama hawakosekani. Na Nyamisi atatembea tu kwa miguu kutoka kwake. Nimejipongeza.

Nilipomwambia akaanza kufunga begi lake. Baadaye, "Mama, pale si pazuri."

Kwa nini?

"Si pazuri tu."

Woga umemrudia. Nikamwambia Nyasura uliweza, na pale utaweza. Akasema, "Sawa, mama." Hiyo sawa sijaipenda.

Jumamosi, 15 Juni. Butiama

Hata kuandika sitaki.

Kinamama walijaa. Veronika alimaliza vizuri, madam akatikisa kichwa kukubali. Ndipo mzee Magesa akatoka ndani na kigoda chake, akakiweka mbele kabisa. Nikaona ametuheshimu.

Nyamisi akainama. Akavuta kanga ikamfunika mpaka machoni. Nikamnong'oneza lile swali. Kimya. Nikarudia. Kimya. Nikamsukuma begani. Nilimsukuma, mimi. Akapiga magoti na chupa yake mkononi, akabaki hapohapo anaangalia chini.

Bibi mmoja akasema, "Jamani, mwacheni mtoto." Sikumwelewa.

Madam amesema anampa Jumamosi moja tu. Mahali hapahapa, watu walewale. Akinyamaza tena, begi ni la mwingine.

Nimerudi Makoko na hasira. Uoga gani huu? Nyasura kaweza, nyumbani kwao kashindwa.

Jumapili, 16 Juni

Misa imepita sijasikia kitu.

Mchana simu imeita, mama mkwe wa Nyamisi. Hakunigombeza. Heri angenigombeza.

"Mama Nyangeta, mbona ulimsimamisha mtoto mbele ya mkwewe?"

Nikasema baba mkwe wake si alishakufa? Mimi nilijua hivyo.

"Aliyekufa ni mume wangu. Magesa ni mdogo wake. Kwetu sisi huyo naye ni baba."

Akanieleza polepole. Pale kwao mke wa mtoto hasemi mbele ya baba mkwe. Hata jina lake halitamki. Mpaka siku baba mkwe atakapompa kuku wa kumfungua mdomo. Marehemu alikuwa bado hajatoa huyo kuku akafa. Msiba ukaingia, watu wakasahau.

Kumbe. Nami namuuliza kwa nini, kwa nini. Angenijibu nini, na jina lenyewe hawezi kulitaja? Mimi ni wa huku ziwani, nimekulia mjini. Mama yangu alikuwaga anabishana na babu yetu mzaa baba mbele ya watu, juu ya kichwa cha sato, nani akile. Nikadhani watu wote ndivyo walivyo.

Mkono niliomsukumia unanichoma.

Jumanne, 18 Juni

Nimeenda Mwitongo na sukari kuomba radhi. Kwanza nilimpigia madam anihamishie mahali. Amekataa, ratiba imeshapangwa.

Mzee Magesa kanisikiliza mpaka mwisho. Akachukua fimbo, akaenda zake kwa ng'ombe. Mkewe akanimiminia chai. "Usijali, mama. Huyo akiwa na jambo anaendaga kuliwazia kwa ng'ombe."

Na wakirudi ng'ombe bila jibu?

Nilipita kwa Nyamisi. Nimemwomba msamaha, kanishika mikono. "Mama, akikaa pale mbele, mimi siwezi. Begi lirudi tu." Hakulia. Nimelia mimi.

Ijumaa, 21 Juni

Nimefua nguo ambazo ni safi. Mwitongo hakuna ujumbe. Nyangeta kaninyang'anya simu, ati naiangalia mpaka itaisha.

Jumamosi, 22 Juni. Butiama

Tulifika mapema. Madam kakaa. Kinamama wamekaa. Nyamisi kasimama kando na chupa, kanga tayari iko kichwani.

Mzee akatoka na kigoda. Nikasema basi, imekwisha.

Akaja mpaka mbele. Hakusimama. Akapita katikati ya kinamama, akaenda nyuma ya kihenge cha mtama, akakaa ametupa mgongo. Kikabaki kinaonekana kipande cha kofia yake.

Nyamisi akaiangalia ile kofia. Akashusha kanga mabegani. Mimi nikaanza kusali kwa sauti.

"Nani ameponda udaga leo?"

Mikono ikanyooka, karibu wote! Wamemenya mihogo, wameivundika, wameponda, harufu ya udaga ndiyo iliyokuwa uwanjani pale. Akaanza na yule bibi aliyesema mwacheni. Akamwagia maji, akamsugua, akamnusisha. Bibi akajinusa tena na tena. "Sasa mume wangu atanijuaje?"

Katikati ya kicheko ikasikika sauti nyuma ya kihenge. "Muulizeni huyo. Harufu ya beberu inatoka?"

Mkewe akasimama, kajikaza asicheke. "Mzee anauliza, ya beberu inatoka?"

Nyamisi hakugeuka kule. Akamjibu mke wa mzee, lakini kwa sauti ya kufika mbali. "Mwambieni inatoka. Anawe mara mbili."

"Mara mbili!" mzee akashangaa kwenye kihenge chake.

"Beberu wako amezidi, Magesa!" yule bibi akampigia kelele. Hata madam kafuta machozi. Amesema begi libaki na mwenyewe. Nilikaa chini, mavumbini, na gauni langu la kanisani.

Tukiwa tunaaga, mke wa mzee akaleta tetea mweupe amefungwa miguu. "Kutoka kwa baba yako," akamwambia Nyamisi. Nyamisi akapiga magoti, akampokea kwa mikono miwili. Nyuma ya kihenge mtu akakohoa.

Alhamisi, 27 Juni

Upepo wa ziwa leo. Nguo zimekauka upesi.

Nimempigia Nyamisi kuuliza kama sabuni bado anayo. Alikuwa kwa mzee Magesa, anamsaidia mkewe kuanika mihogo. Kabla hajanijibu nikasikia mzee kwa mbali anaomba maji ya kunywa.

"Naam, baba," Nyamisi akasema.

Akaweka simu chini bila kukata. Nikasikia ndoo ikifunuliwa, kikombe. Nikamsubiri.

Kuku wamekuja mlangoni kunitazama. Nimewatupia ukoko wa wali.