Baba, Ilikuwa Damu Yetu Wenyewe

Kwako Baba, uliyelala kando ya miwa yako huko Musanda,

Kwa wiki mbili nimejiambia kwamba marehemu hasumbuliwi. Nimeshindwa. Nina hasira na wewe, na hasira hii haina pengine pa kwenda.

Unakumbuka ulivyokuwa ukijisifu? Mvua zikianza, wakataji wenzako wa miwa walilala wakitetemeka chini ya mablanketi, nawe ukatoka na panga lako ukicheka. "Mimi malaria hainiwezangi," ulisema. "Hii damu yangu ni chuma." Ulinipapasa kichwa ukasema mimi ndiye niliyeirithi, kwa sababu homa ilinishika siku moja au mbili tu, nikarudi kuruka kamba. Nilijivuna shule nzima. Kisha ukamtazama Makokha, kitindamimba wako, ukatikisa kichwa kana kwamba yeye alikataa zawadi.

Makokha na macho yake ya manjano. Kila baridi ilipoingia alililia mifupa yake, nami nikamkanda miguu kwa maji moto mpaka ulipofika kumbeba mgongoni hadi zahanati. Siwezi kukunyima hilo, Baba. Ulimbeba hata alipokuwa amepita umri wa kubebwa, na kila mara mlirudi na dawa za malaria. Daftari lake la matibabu lilijaa neno hilo moja. Hakuna aliyeuliza kwa nini malaria ya mtoto huyu haiishi.

Wewe ulikuwa na jibu lako. Makokha hajafikisha hata mwaka, Senge Nanjala, dada yako wa pekee, alikuja kumwona na ingokho, kuku wa kumkaribisha mtoto. Alimpakata mchana kutwa. Juma hilohilo vidole vya mtoto vikavimba. Senge alipokuja tena ulimsimamisha langoni, majirani wakisikia.

"Mikono yako imemfunga mtoto wangu. Usikanyage hapa tena."

"Ndugu yangu, mimi?" akauliza.

Ukamfungia lango. Makokha alipofariki akiwa na miaka tisa, Senge alisafiri kutoka Shinyalu alikoolewa, akasimama barabarani hadi tukamaliza kuzika. Nilimwona. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na sikumpelekea hata kikombe cha maji, kwa sababu nilikuamini.

Sasa sikia. Siku hizi naishi Shieywe, na majuzi nilimpeleka binti yangu mchanga kupimwa damu hapa mjini. Alionekana amerithi mbegu moja ya selimundu, ule ugonjwa wa chembe za damu kujikunja kama mundu. Moja tu, kwa hiyo haumwi. Nikapimwa mimi, nami ninayo moja. Daktari akauliza kama kwetu kulikuwa na mtoto wa kuugua mifupa. Nilipomweleza habari za Makokha, aliweka kalamu chini.

"Mwenye mbegu moja," akasema, "vijidudu vya malaria vikiingia kwenye chembe yake ya damu, chembe hujikunja mapema, na wengu huifagia pamoja na vijidudu vyake. Mwili unapata nafasi ya kupigana. Si kinga kamili, huyu mtoto wako lazima alale ndani ya neti. Lakini mwenye mbegu mbili, ya baba na ya mama, wengu wake huharibika angali mdogo. Huyo malaria humuua upesi."

"Na vidole kuvimba?"

"Kwa watoto wengi hiyo ndiyo dalili ya kwanza."

Nilimpeleka Mama naye akapimwa. Anayo. Kwa hiyo ile ya pili ilitoka kwako, Baba. Damu uliyoiita chuma ilikukinga wewe, ikanikinga mimi, na ilipokutana na ya Mama ikammaliza Makokha. Kwa damu sikulaumu. Nani huchagua damu? Nakulaumu kwa lile lango.

Nilichukua bodaboda hadi Shinyalu. Nilimkuta Senge akipura maharagwe uani, mgongo umepinda. Nilimweleza yote.

"Kwa hiyo ilikuwa damu," akasema.

"Ndiyo, Senge. Nisamehe."

"Mimi nilijua si mimi. Sikungoja daktari." Akapiga maganda tena. "Baba yako alikufa akijua?"

"Hapana."

"Basi amenitoroka."

Nilitaka anikumbatie nirudi mjini moyo wangu ukiwa mwepesi. Hakunikumbatia. Alisema aliyetukanwa mbele ya watu haombwi msamaha uani.

Ndiyo maana Jumamosi iliyopita niliwaita ndugu zako nyumbani. Senge alikuja, akaketi karibu na mlango. Nilipoanza kusema, Baba Mdogo alinikatiza: "Marehemu hasemwi vibaya, mtoto wangu." Nikamuuliza, "Na aliye hai je, yeye husemwa?" Nikaendelea mpaka mwisho, nikamtaja Senge kwa jina na kusema hana hatia. Hapo Mama akainuka. Akasema tangu mwanzo alikuwa na shaka, akanyamaza kuilinda ndoa yake. Miaka yote hiyo, Baba! Mlilala kitanda kimoja, wewe na uhakika wako, yeye na shaka yake, na dada yako yuko nje.

Senge alikula obusuma, ugali wetu, kidogo tu, akanawa, akaenda kwenye kaburi la Makokha peke yake. Hakungoja chai. Nilipomsindikiza alinishika mkono.

"Umesema vizuri," akaniambia. "Lakini nimezeekea nje ya hili boma."

Jibu la hilo lilikuwa lako, nawe umelala. Nimekuandikia nikidhani hasira itapungua, na bado ninayo yote. Nakupenda, lakini siku hizi nikikukumbuka naanza na Senge. Pumzika ukiweza, Baba. Jumapili naenda Shinyalu tena, anikaribishe asinikaribishe.

Binti yako uliyempapasa kichwa,
Nafula