Riboni za ruracio

Emmah, uko? Kaa chini kwanza.

Nimetoka baraza ya chief hapa Gatongora, ile ya maoni juu ya sheria mpya ya hawa watu wa kushindana na magari kwa barabara ya bypass.

Unanijua. Niliongea wa kwanza. Nikasema faini haitoshi, wafungwe, na gari ichukuliwe kabisa. ICHUKULIWE! Watu wakapiga makofi. Mama Kyengo, yule aligongewa mtoto akivuka, akanishika mkono akilia.

Mzee wangu Githinji hapo kando, anaangalia viatu.

Halafu polisi akaonyesha video ya Jumamosi. Magari mawili yanafukuzana kama wazimu. Moja ina riboni za pinki kwa boneti.

Ngai! Riboni zangu! Si ni wewe ulinishikia makasi nikizifunga kwa gari yetu hiyo Jumamosi, tukienda ruracio, kupeleka mahari ya Wanja huko Thika? Na si wamama tulirudi na basi, tukaachia wazee magari?

Kila mtu anajua gari yetu; wakageuka kumwangalia Githinji. Chief akaniuliza, "Mama, bado unasema ichukuliwe?"

Mama Kyengo alikuwa bado amenishika mkono.

Nikasema, "Ichukuliwe." Nikatoa spea ya funguo kwa handbag, nikaweka kwa meza.

Tumerudi na boda moja, Githinji mbele yangu. Njia yote alikuwa anamwambia dereva, "Polepole, bwana, tuko na watoto nyumbani."