Ubatizo wa Baraka na Hogo Miguuni

Jumamosi jioni. Baridi ya Juni, Mlima Meru umejifunika mawingu tangu asubuhi, na mimi hasira haijanishuka.

Kesho tunambatiza Baraka, mwanangu wa miezi miwili, kanisani kwetu hapa Kimandolu. Alizaliwa nyayo zimegeukia ndani. Kila Jumatatu kliniki wanazinyoosha kidogo na kumfunga hogo, ile plasta ngumu nyeupe, toka vidoleni mpaka mapajani. Asubuhi ya kliniki tunailowanisha kwa maji ya uvuguvugu ili itoke. Ikitoka kabla, nyayo zinaanza kurudi zilikokuwa.

Mama mkwe anajua. Nilimweleza mwenyewe.

Leo nimetoka kuanua nguo nikamkuta ameinama, anamteremsha mtoto kwenye beseni.

"Mama, unafanya nini?"

"Apumzike kesho tu. Jumatatu si watamfunga tena? Kanisa zima litamkodolea macho."

Nimempokonya. Sijawahi kumpokonya mama mkwe kitu, hata kijiko. Kisigino kimoja kilishaanza kulowa, nimekifuta kwa kanga. Baba Baraka alikuwa mlangoni, anatazama. Kutazama tu huko kumeniuma kuliko beseni.

Mama hana roho mbaya. Anaogopa maneno ya watu. Alipoolewa ukoo huu alimkuta Shangazi Eliakunda, dada wa baba mkwe, aliyezaliwa na nyayo hizi hizi. Utotoni, wageni wakija, Shangazi alifungiwa chumba cha nyuma. Baadaye wamisionari wakampeleka bweni la watoto walemavu, mbali sana na kwao, akarudi amevaa viatu vya chuma. Miguu ikakua, viatu vikambana, na hakukuwa na mtu karibu wa kumtengenezea vingine. Mpaka leo anatembelea magongo.

Ameshuka jana kutoka kijijini, huko mlimani, kwa ajili ya ubatizo. Alikuwa kwenye kochi muda wote huo, ameona kila kitu.

"Wifi," akamwambia mama mkwe, taratibu tu, "mimi mchungaji aliletwa nyumbani. Nilibatizwa jikoni, mlango umefungwa."

Mama mkwe akachukua beseni akaenda kumwaga maji. Hajarudi sebuleni.

Nimeamua. Nitambeba Baraka mpaka madhabahuni, miguu nje, bila shuka. Shangazi amesema atasimama nami.

Nimemwambia mume wangu. Bado hajanijibu.

Kesho mchungaji akiita wazazi, nitajua nimeolewa na nani.